Mrija Uliofura

Pampu ilikuwa nzima, na hilo ndilo lililomchanganya Inspekta Nthenya Mbaluka. Alikuwa amekuja kutazama mashine iliyommwagia msichana kostiki machoni. Badala yake alionyeshwa kisanduku cha bluu juu ya meza, kikizunguka taratibu, kikivuta maji safi kutoka kwenye mtungi uliokuwa sakafuni na kuyapeleka upande wa pili bila kigugumizi.

"Unaona?" alisema Daktari Nzioka. "Nimeibadilishia mrija tu. Yenyewe haina neno."

Nzioka ndiye mwenye maabara. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, shati lake limepigwa pasi mpaka kwenye mikono. Maabara yenyewe ilikuwa nyumba ya zamani isiyo na ghorofa, iliyobanwa na majengo ya fleti huko Kileleshwa. Kila asubuhi gari liliiletea nyumba hiyo damu ya ng'ombe kutoka machinjioni Dagoretti. Damu ilitengwa, ikachujwa, yakabaki yale maji yake ya rangi ya asali yaitwayo serumu, ambayo watafiti huyanunua kulishia seli wanazozikuza. Kazi yote ya kusukuma na kuchuja ilifanywa na kile kisanduku cha bluu.

"Nieleze kama mtu asiyejua kitu," Nthenya alimwambia.

Nzioka aliizima pampu, akafungua kifuniko cha mbele. Ndani kulikuwa na gurudumu lenye roli nne, na mrija laini umelizunguka nusu, umebanwa kati ya roli na ukuta wa chuma.

"Umewahi kukamua ng'ombe?"

"Nimekulia Machakos, daktari."

"Basi unajua. Vidole vinabana, vinashuka, maziwa yanatoka. Hapa roli inabana mrija na kusukuma kilicho mbele yake. Ikipita, mrija unafunguka nyuma yake na kuvuta kingine. Dawa haigusi chuma hata kidogo. Inapita ndani ya mrija tu."

"Na ikikosea?"

"Mara nyingi ukitafuta kosa, tafuta kwenye mrija. Ukiwa mwembamba mno, roli haziubani mpaka mwisho, dawa inarudi nyuma na unapata kidogo kuliko ulichoagiza. Ukikaza roli kupita kiasi, zinautafuna mrija palepale chini yake mpaka unatoboka. Ukizeeka, unalegea. Halafu kuna hewa, kuna uchafu."

"Yenu ilikuwa na ugonjwa gani?"

"Ilikuwa inapunguza. Unaiambia ilete lita, inaleta nusu. Tumehangaika nayo wiki kadhaa. Nikamwambia fundi wetu, Dalmas, airekebishe. Akaenda River Road, kwenye vitu vya rahisi, akanunua mrija." Nzioka alilirudia lile jina kana kwamba ndilo shitaka lenyewe. "River Road, Inspekta."

Yaliyofuata Nthenya alikuwa ameshayasoma kwenye taarifa. Jumanne mchana walikuwa wakisafisha mitambo. Kostiki, ile dawa kali inayoyeyusha mafuta na ngozi kwa pamoja, ilikuwa mtungini na ndani ya mirija. Ivyne Nanyama, mfanyakazi wa maabara, aliinama kutazama kwa nini dawa haipandi. Mrija ukapasuka mbele ya uso wake. Miwani yake ya kinga alikuwa ameipandisha kichwani kwa sababu imeingia ukungu.

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nje, kwenye simu. Nilisikia kelele, nikakimbia. Mwenzake, Philister, alikuwa ameshampeleka kwenye sinki."

"Nani alizima pampu?"

"Nilikuta imezimika."

Konstebo Ochola, mzee mwenye mvi aliyekuwa akingoja kustaafu, aliandika hayo yote kwa mwandiko wake wa polepole. Walipokuwa wakirudi kwenye gari alisema, "Madam, hii si ya kutuchosha. Fundi alinunua mrija mbaya. OCS wetu kituoni anataka apelekwe kortini kesho."

"Pengine," Nthenya alijibu. Lakini hakuwasha gari upesi.

*

Dalmas alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mikono mikubwa, viganja vyeusi kwa grisi isiyotoka hata kwa sabuni. Walipomtoa selo alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyealikwa kwa bahati mbaya.

"Mrija ulinunua kwa nani?"

"Kwa Kaindi, River Road."

"Ulikuwa mwembamba kuliko ule wa kwanza?"

"Hapana, afande. Nilienda na kipande cha ule wa zamani. Tulipima."

"Kwa hivyo huna kosa."

Dalmas alitazama mikono yake. "Ninalo. Ni mimi nilimchoma Ivyne."

Kalamu ya Ochola ilisimama.

"Daktari alikuwa kwangu kila siku, dawa ni kidogo, dawa ni kidogo. Mrija mpya nikaweka, bado ni kidogo. Nikaona nikaze roli. Nilikaza sana, afande, na nilijua hiyo si kazi ya fundi. Nikasema wacha wamalize kusafisha, Jumatano nitakuja nilegeze. Jumanne nikatumwa Dagoretti kutengeneza friji ya gari la damu. Nikiwa huko ndio nikapigiwa."

"Andika," Nthenya alimwambia Ochola, naye akachukua mfuko wa ushahidi, akausogeza dirishani penye mwanga.

Mrija wote ulikuwamo, kama ulivyotolewa kwenye mashine. Sehemu iliyokaa chini ya roli ilijulikana kwa kung'aa kwake. Ilikuwa imelala kidogo, imechoka, lakini haikuwa na tundu wala ufa. Nthenya aliibonyeza kwa kidole juu ya plastiki ya mfuko, urefu wake wote, mara mbili. Daktari mwenyewe alisema mrija uliokazwa hutafunwa hapo. Huu haukutafunwa.

Ulikuwa umepasuka kwingine kabisa, shubiri moja tu kutoka kwenye ncha yenye kidude cha shaba. Hapo mrija ulikuwa umefura kama koo la nyoka aliyemeza panya, kisha ukachanika tumboni.

"Dalmas, hiki cha shaba ni nini?"

"Valvu. Inakaa chini ndani ya mtungi. Inaruhusu dawa kupanda, hairuhusu kurudi. Bila hiyo mrija unakauka kila mara ukizima."

"Na hapa ulipopasuka, kuna kitu ulikaza?"

"Hapo hakuna kitu cha kukaza."

"Sasa ni kwa nini umepasuka hapo?"

Dalmas aliinama juu ya mfuko. Macho yake yalikuwa mekundu, na Nthenya alipomwangalia aliona kwamba mtu huyu alikuwa ameshajihukumu na hatazami tena. "Sijui, afande," alisema mwishowe. "Sijalala tangu Jumanne. Lakini kukaza nilikaza."

*

Hospitalini, kwenye benchi la nje ya wodi, alikaa mwanamke mnene mwenye kitambaa cha kanisa kichwani. Huyo ndiye Philister, mfanyakazi mwenzake Ivyne. Nthenya hakuwa hata amemaliza kumsalimu.

"Ilikuwa zamu yangu," Philister alisema. "Andika hivyo. Shule ya mtoto wangu ilikuwa inapiga simu, nikamwomba Ivyne aangalie kostiki kidogo. Kama si mimi angekuwa anakula lanchi yake."

"Daktari wa macho anasema ulimwosha kwa maji muda mrefu sana. Anasema bila hivyo macho yote mawili yangekwenda."

"Moja limeenda?"

"Moja hawana hakika nalo."

Philister alifuta uso kwa ncha ya kitambaa. Nthenya alimpa nafasi, kisha akauliza lile alilouliza asubuhi. "Nani alizima pampu?"

"Si mimi. Ningezima na nini? Mkono mmoja nimeshika kichwa chake, mwingine nimefungua jicho. Pampu ilikuwa bado inazunguka, naisikia nyuma yangu. Daktari alipoingia ndipo ikanyamaza."

"Una hakika?"

"Sijui nina hakika ya nini siku hizi, madam. Lakini niliisikia."

Ndani, Ivyne alilala chali, macho yamefungwa bandeji nyeupe. Alikuwa msichana mwembamba, mwenyeji wa Bungoma, na mashavu yake yalikuwa na mabaka mekundu yaliyopakwa mafuta. Alipoambiwa ni polisi, aliinua kidevu.

"Dalmas mmemshika kweli?"

"Tumemshika."

"Mwachilieni. Ni kiwiko changu."

Nthenya alivuta kiti. "Nieleze."

"Nilipofika pampu ilikuwa imekufa. Nikaona dawa haipandi, nikainama niangalie mrija huku chini karibu na mtungi. Nikiinuka kidogo kiwiko kikagusa ile mashine, kwa hizo swichi za mbele. Hapo hapo ikaamka. Nikaona mrija unavimba. Nilidhani macho yananidanganya. Niliiwasha mwenyewe. Na miwani nilikuwa nimeitoa mwenyewe."

Nthenya alitoka akasimama kwenye korido, watu wakimpita na machela na maua. Miaka aliyofanya kazi hii alizoea watu kusukumiana lawama. Kesi hii watu waliigombania. Fundi alikaza, Philister alikwepa zamu, mgonjwa aliwasha mashine kwa kiwiko. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kutosha, na hakuna sababu hata moja iliyofika pale mrija ulipopasuka.

"Madam," Ochola alisema, "mimi sasa sielewi tunamshtaki nani."

"Tuko wawili."

*

Duka la Kaindi lilikuwa ghorofa ya kwanza River Road, juu ya mtu anayechapisha kadi za harusi, katikati ya kelele za makanga wanaoita abiria na mikokoteni. Mirija ya kila unene ilining'inia kutoka darini hadi mtu alilazimika kuinama kuipita. Kaindi mwenyewe, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliupokea mfuko wa ushahidi kwa vidole viwili.

"Ni wangu," alisema. "Unaona huu mstari mweusi? Hata sikatai."

"Tupime."

Alipima ukuta wa mrija wa mfukoni, akapima ule uliokuwa ukining'inia dukani, kisha akamsogezea Nthenya kipimo asome mwenyewe. Vilikuwa sawasawa. Nthenya alimwomba apime na kipande cha mrija wa zamani alichochukua kwenye kisanduku cha vifaa cha Dalmas. Nacho kilikuwa sawa.

"Kwa hivyo si mwembamba."

"Mtu akiniletea sampuli simpatii kitu ingine, dada. Atarudi."

Basi River Road haikuwa na hatia, na uzi aliokuwa ameushika Daktari Nzioka ulikatika hapo. Nthenya alishuka ngazi akianza kukata tamaa, kama mtu anayefungua milango akikuta nyuma ya kila mmoja kuna ukuta. Kama si mrija mwembamba, kama si kukaza, ni nini?

Ochola alikuwa ameegemea gari akinywa mtindi wa baridi kwa mrija. Mtindi ulikuwa mzito, umeganda. Alinyonya mpaka mashavu yakaingia ndani, na mrija ukalala bapa katikati, pande zake zikagusana. Aliutoa mdomoni akauangalia kwa chuki.

"Hii mirija ya siku hizi."

"Nyonya tena," Nthenya alisema.

"Nini?"

"Nyonya, Ochola."

Alinyonya. Mrija ukalala tena. Nthenya aliinama karibu kabisa na uso wa mzee yule, na mwanamke aliyekuwa akipita na ndoo ya karanga akasimama kuwatazama.

"Sasa ziba chini kwa kidole. Puliza."

Ochola alifanya alivyoambiwa, na mtindi ukamrukia tai.

"Ule mrija wa Ivyne," Nthenya alisema polepole, akijisikiliza, "ulipasuka upande wa mtungi. Upande huo pampu inanyonya. Mrija unaonyonywa unalala, hauvimbi. Ule ulivimba."

"Kwa hivyo haikuwa inanyonya."

"Ilikuwa inapuliza. Ilikuwa inazunguka kinyume, inarudisha dawa mtungini. Na huku chini kuna valvu isiyoruhusu kurudi. Dawa haina pa kwenda, mashine haijui kuchoka. Mrija ukafura mpaka ukachanika."

Ochola alikuwa akifuta tai. Alisimama. "Na kiwiko?"

Kiwiko kingeweza kuwasha pampu, lakini je, kiliigeuza vilevile? Alimpigia Philister simu palepale barabarani, kidole kimoja kimeziba sikio la pili.

"Kabla Ivyne hajalia, kumbuka pole pole, kulikuwa na nini?"

"Hakuna kitu. Stima ilikuwa imepotea."

Nthenya alifumba macho. Hakuna mtu aliyekuwa amelitaja hilo. Nairobi stima hupotea na kurudi, nani ataliandika kwenye taarifa? "Ilipotea kwa muda gani?"

"Si sana. Tuna jenereta lakini ni ya mafriji peke yake. Halafu ikarudi. Feni ikaanza kuzunguka, nikasema asante Yesu, na kabla sijamaliza nikamsikia Ivyne."

"Lazima kuna swichi ya kuirudisha pampu nyuma. Unaijua?"

"Naijua, lakini hiyo ni ya Daktari. Sisi tulikatazwa kuigusa."

*

Nzioka aliwapokea kwa uso uleule wa upole, akawaagizia chai ambayo hakuna aliyeinywa. Nthenya alimwomba awashe pampu tena. Maji yakapanda kutoka mtungini. Kisha, bila kusema kitu, aliinama akachomoa waya ukutani.

Pampu ikasimama. Chumba kikawa kimya.

Akauchomeka tena. Pampu ikajikohoza, ikaanza kuzunguka yenyewe, hakuna aliyeigusa.

"Huwa inafanya hivi kila mara?" aliuliza.

"Ndivyo ilivyopangwa," Nzioka alisema. "Stima ikirudi inaendelea pale ilipoachia. Isingekuwa hivyo tungepoteza serumu."

"Inaendelea kwa mwendo uleule."

"Ndiyo."

"Na kwa upande uleule."

Nzioka alikuwa akitazama mkono wa Nthenya, ambao ulikuwa umesimama juu ya kitufe chenye mishale miwili.

"Hiki ni cha nini, daktari?"

"Kugeuza mwendo. Hatukitumii sana."

"Kinatumika lini?"

"Chujio likiziba, unarudisha nyuma kidogo, uchafu unalegea."

"Chujio lenu lilikuwa limeziba?"

"Pengine."

"Pengine ndilo lililokuwa likipunguza dawa wiki zote hizo. Wala si mrija, wala si roli. Dalmas alikaza bure." Nthenya aliondoa mkono. "Asubuhi uliniambia ulikuta pampu imezimika. Philister anasema ilikuwa inazunguka hadi ulipoingia. Dalmas alikuwa Dagoretti. Wasichana wamekatazwa kugusa kitufe hiki. Nani mwingine alikuwa hapa Jumanne?"

Nzioka alianza kusema kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, maneno ya mtu anayemwomba ndugu yake asogee pembeni. Nthenya alimjibu kwa Kiswahili, ili Ochola asikie kila neno.

"Sema hapa, daktari. Sote tunasikia."

Nzioka aliketi kwenye stuli iliyokuwa fupi mno kwake, magoti yakapanda juu.

"Kulikuwa na wateja wanakuja Alhamisi," alisema. "Serumu haitoshi. Nilitaka kulegeza lile chujio haraka haraka. Nikaigeuza nyuma, na hapo hapo stima ikapotea. Nikangoja kidogo. Simu ikaita, nikatoka nje kuipokea. Nilisahau, Inspekta. Nilisahau kwamba imegeuzwa, na valvu niliisahau kabisa. Mimi ndiye niliyeiweka ile valvu."

"Halafu ukasikia kelele."

"Niliingia. Philister amenipa mgongo, ameinama kwenye sinki. Pampu ilikuwa bado inazunguka, na niliona roli zinakwenda nyuma. Nikaizima. Nikabonyeza mbele. Mkono ulifanya kabla sijafikiri."

"Mkono haukuandikisha taarifa polisi."

Nzioka aliinua uso.

"Ningekuwa nimekuja siku ile ukaniambia haya," Nthenya aliendelea, "ningeandika ajali. Stima imepotea, mtu amesahau, mashine imeamka yenyewe. Uzembe upo, lakini hakuna anayekosa kusahau. Wewe ulituambia jina la Dalmas. Ulilisema wewe wa kwanza. Na leo asubuhi umenifundisha pampu nzima, ukaruka hiki kitufe tu."

"Nilidhani mtamhoji mumwachilie. Mrija ni mrija, nilisema, hautamfunga mtu."

"Simama, daktari."

Ochola hakumfunga pingu. Alimshika tu kwenye kiwiko, kama anavyoshikwa mgonjwa, na wakatoka kupita mlango wa mbele, ambako gari la Dagoretti lilikuwa limefika na dereva amekaa anangoja mtu wa kupokea damu.

*

OCS, mkuu wa kituo, alisoma taarifa mara mbili, akakuna kidevu, akamtilia Dalmas sahihi ya kutoka. Dalmas hakuelewa. Alisimama kwenye kaunta akivaa mkanda wake, akirudia kwamba alikaza roli.

"Ulikaza," Nthenya alimwambia. "Lakini mrija haukupasuka ulipokaza."

"Kwa hivyo si mimi?"

"Si wewe."

Aliuliza tena walipokuwa kwenye gari, na tena walipopanda ngazi za hospitali, maana alikuwa amekataa kwenda nyumbani kwanza. Mlangoni mwa wodi alisita, akafuta viganja kwenye suruali. Ivyne aligeuza kichwa kuelekea nyayo.

"Ni nani?"

"Ni mimi. Dalmas."

"Nisamehe," Ivyne alisema. "Wamekuweka ndani kwa sababu yangu."

"Nisamehe wewe. Mimi nilikaza—"

"Kaeni," Nthenya alisema. "Kaeni nyote wawili mnyamaze kidogo."

Akawaambia. Alianza na chujio, akaja kwa kitufe, akaja kwa stima. Alimwambia Ivyne kwamba kiwiko chake kiligusa mashine wakati uleule feni ilipoanza kuzunguka, na kwamba hata angekuwa amesimama mbali mikono mfukoni pampu ingeamka tu. Aliwaambia nani aliyeigeuza, na nani aliyeirudisha mbele baadaye. Philister alikuwa ameingia katikati ya maelezo na kusimama nyuma, kitambaa mkononi. Dalmas alikuwa ameinamisha kichwa karibu na godoro.

Mkono wa Ivyne ulipapasa shuka.

"Daktari wetu alikuja hapa jana jioni," alisema. "Aliketi hapo ulipoketi, Dalmas. Alinishika mkono, tukaomba pamoja."

"Aliomba nini?" Dalmas aliuliza.

"Aliomba Mungu anisaidie nisahau kila kitu cha siku ile." Aligeuza uso wenye bandeji kuelekea dirisha ambalo hakuweza kuliona. "Nami nikaitikia amina."